Bangi ya tiba: Joto la bandani na bandari zilizofungwa

Rwanda iliruhusu kilimo cha bangi ya tiba kwa amri ya Waziri wa Afya ya mwezi Juni 2021, kwa masharti kwamba zao lote liuzwe nje. Malawi ilikuwa imetangulia kwa sheria ya mwaka 2020, Zambia ikafuata 2021, na Bunge la Uganda likapitisha sheria yake mwaka 2023. Kwa wenye malori swali limekuwa moja: je, kuna mzigo wa kubeba?

Ukitazama ramani jibu linaanza kuonekana. Nchi zote nne hazina bahari. Bandari za Mombasa na Dar es Salaam ziko katika nchi zinazoihesabu bangi kuwa dawa ya kulevya, Kenya kwa sheria ya mwaka 1994 na Tanzania kwa sheria ya mwaka 2015. Sheria hizo zinaruhusu hata chombo kilichobeba mzigo huo kutaifishwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 nao unataka kila shehena iwe na kibali cha nchi inayouza na cha nchi inayonunua, na nyaraka zioneshwe pia katika nchi inakopita. Hivyo njia yenye usalama kwa mwenye leseni ni ndege, na ndege ni ghali. Gharama hiyo inalipika kwa maua ya daraja la juu tu.

Hapo ndipo joto linapoingia. Bangi ya tiba hulimwa zaidi ndani ya majengo au vitalu nyumba ili kila mavuno yafanane na yaliyotangulia. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Mississippi, Marekani, uliochapishwa mwaka 2008, ulionesha kwamba aina iliyopimwa ilitengeneza chakula chake vizuri zaidi kwenye nyuzi joto 30 hivi za Sentigredi. Joto lilipozidi hapo, kazi hiyo ilishuka. Mmea hufunga vitundu vya majani ili usipoteze maji, lakini kwa kufanya hivyo huzuia pia hewa ya ukaa unayoihitaji. Kingo za majani hujikunja kwenda juu, maua hurefuka na kuwa mepesi, na mafuta yanayoleta harufu hupotea hewani. Baadhi ya mimea jike ikisumbuliwa hutoa maua ya kiume, na banda zima huweza kuingia mbegu.

Joto hilo mara nyingi halitoki nje. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi ya wastani. Tatizo ni taa. Karibu umeme wote unaoingia kwenye taa hugeuka kuwa joto ndani ya chumba. Taa kumi za wati 1,000 kila moja hutoa joto la kilowati 10, yaani takriban BTU 34,000 kwa saa. Hiyo ni kazi ya viyoyozi vitatu vya BTU 12,000, kabla ya kuhesabu jua linalopiga paa. Mkulima anayebana matumizi kwa kuwasha taa kwa jenereta huku viyoyozi vimezimwa anaharibu mavuno yake mwenyewe.

Mkulima wa nyanya au waridi akikataliwa na mnunuzi wa Ulaya bado anaweza kuuza sokoni karibu na nyumbani. Mkulima wa bangi nchini Rwanda hana soko hilo, kwa kuwa matumizi ya starehe bado ni kosa la jinai. Shehena iliyoshindwa kwenye maabara haina mnunuzi wa pili. Wiki chache za joto zinaweza kufuta mtaji wa msimu mzima, na aliyekopesha au kusubiri malipo ya usafiri huanguka pamoja na mkulima.

Kwa hiyo fursa ya barabarani ipo, lakini inaelekea upande mmoja. Viyoyozi, feni, taa za LED zinazotumia umeme mdogo, nyavu za kivuli, jenereta na vipima joto ni bidhaa halali, na hupita Rusumo au Malaba kwa nyaraka za kawaida za forodha. Maua yanayotoka ni habari nyingine kabisa. Leseni ya Kigali au ya Lilongwe haimlindi dereva akishavuka mpaka.

Msafirishaji atakayeahidiwa malipo manono kwa mzigo wa kurudi aombe kwanza vibali vyote viwili, kisha amuulize wakala wake wa forodha kama nchi ya kupitia imeridhia. Kuuliza si ujinga, na lori likishataifishwa maswali huwa yamechelewa.