Kuwa na Tovuti si Kuimiliki

Nilipokuwa mwaka wa pili, mimi na wenzangu watatu tulikuwa tukiwaambia watu, "Tuna tovuti." Tulisema kwa fahari. Leo ukiandika jina la tovuti hiyo kwenye simu unakutana na matangazo ya kamari. Maneno 612 ya Kitembo na Kinyanga tuliyoyakusanya Hombo, pamoja na sauti za wazee walioyatamka, hayapo tena pale.

Naandika makala hii kwa sababu naona kitivo chetu kinaelekea kwenye kosa lilelile. Kila muhula kuna mwanafunzi au mhadhiri anayetangaza kamusi ya mtandaoni, mkusanyo wa methali au hazina ya ngano. Tunauliza maswali mazuri kuhusu tahajia, toni na ngeli. Sijawahi kusikia mtu akiulizwa jina la tovuti hiyo limesajiliwa kwa nani.

Kwa wasioijua, Hombo iko kwenye barabara ya kutoka Bukavu kwenda Walikale na Kisangani. Mto wenye jina hilohilo unaugawa mji: upande wa kusini ni Kalehe, Kivu Kusini, ukivuka daraja uko Walikale, Kivu Kaskazini. Sokoni utasikia Kitembo, Kinyanga, Kihunde cha watu waliotoka Masisi, na Kiswahili chetu cha Kivu kikiwaunganisha wote. Mwanafunzi wa isimu akikaa pale wiki moja na simu yenye kinasa sauti, anarudi na kazi ya mwaka mzima. Sisi tulikaa likizo nzima.

Tuliporudi tulitafuta fundi wa tovuti. Tulimpata kijana wa Goma, hodari, aliyetuzidi umri, tukawa tunamwita yaya. Tulimlipa dola 150, ndani yake kazi yenyewe, jina la kikoa na nafasi kwenye seva kwa mwaka wa kwanza. Siku ya kusajili jina aliniuliza vizuri kabisa, "Niandikishe kwa baruapepe ya nani?" Nikamjibu, "Andika tu yako, yaya, wewe ndiye unayejua mambo haya." Sentensi hiyo ni yangu, na hasara yote iliyofuata ilianzia hapo.

Kila mwaka tulimtumia pesa kwa simu, naye alilipia. Hakutudanganya hata mara moja. Kisha mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikaingia mikononi mwa M23, na katikati ya Februari ikawa Bukavu. Fundi wetu alikimbia na familia yake. Simu ilipotea njiani, na laini yake pia. Barua za kukumbusha kwamba muda wa jina unakwisha zilikuwa zikienda kwenye baruapepe ambayo hakuna aliyeweza kuifungua. Kwa majina yanayoishia na .com au .org, muda ukipita na msajili akilifuta jina, huja siku 30 ambazo mwenye jina bado anaweza kulikomboa kwa gharama kubwa zaidi, halafu siku 5 za mwisho, halafu jina linarudi sokoni na yeyote anaweza kulinunua. Lakini anayeweza kulikomboa ni yule aliyeandikishwa. Sisi hatukuandikishwa.

Tulipompata yaya kupitia binamu yake aliyeko Kampala, muda wote huo ulikuwa umepita. Aliniambia, "Mdogo wangu, hata mimi mwenyewe siwezi kuingia. Namba ya kuthibitisha inatumwa kwenye laini niliyoipoteza." Kompyuta iliyokuwa na rekodi asilia ilibaki Goma katika nyumba iliyovunjwa. Kwenye simu yangu nilikuwa na rekodi 41.

Miongoni mwa wazee tuliowarekodi alikuwa koko mmoja wa upande wa Walikale aliyetutajia majina ya uyoga: upi unaota juu ya gogo lililooza, upi unaota baada ya mvua ya kwanza, upi unaua. Baadhi ya majina hayo hata wanawe hawakuyajua. Alifariki baada ya tovuti kupotea. Mjukuu wake aliniandikia ujumbe: "Tutumie ile sauti ya koko, tuiweke kwenye matanga." Nilitafuta katika zile rekodi 41. Haikuwamo. Ilinichukua siku mbili kumjibu.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria lile neno "tuna". Sisi wa isimu tunajua kwamba Kiswahili, kama lugha nyingi za Kibantu, hakisemi umiliki kwa kitenzi cha pekee katika mazungumzo ya kila siku. Tunasema "kuwa na", yaani kuwa pamoja na kitu. Nina kalamu: niko na kalamu, iwe yangu au ya kuazima. Tofauti hiyo tunaijua darasani na tunaisahau tukitoka nje. Tulikuwa na tovuti kwa maana hiyohiyo ya sarufi. Ilikuwa karibu nasi, tuliiona, tuliionyesha watu. Hatukuimiliki.

Tovuti ni vitu vitatu tofauti ambavyo fundi huvitoa kama kimoja. Kuna jina, ambalo halinunuliwi moja kwa moja bali hukodiwa kwa msajili kwa mwaka au miaka kadhaa. Kuna seva, yaani kompyuta ya mtu mwingine ambamo kurasa zinakaa. Na kuna yaliyomo: maneno, sauti na picha zenyewe. Yaliyomo ukiwa na nakala, unaweza kuyahamisha. Seva ikifa, unakodi nyingine. Lakini jina likienda kwa mwingine, kila kiungo kilichotajwa katika tasnifu, kila karatasi uliyomwachia mwalimu wa shule ya msingi, kila ujumbe uliotumwa kijijini unampeleka msomaji kwa mtu usiyemjua. Jina ndilo lenye thamani kubwa kuliko vyote, na ndilo tunalomwachia fundi kwanza kwa sababu malipo yake ni madogo.

Mtu asifikiri hili ni la wanafunzi wasio na uzoefu tu. Lilifika hadi kwenye jina la nchi yangu. Zaire ilipobadilika kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1997, kikoa cha taifa kilibadilika kutoka .zr kuwa .cd, na mwaka 2001 .zr ikaondolewa kabisa. Anwani yoyote iliyokuwa na herufi hizo ilikufa, hata kama mwenyewe alikuwa amelipa. Halafu mwishoni mwa 2020 likatokea kubwa zaidi. Seva zinazoelekeza majina yote ya .cd zilitegemea kwa sehemu jina jingine, scpt-network.com, na jina hilo liliachwa likaisha muda. Mtaalamu wa usalama wa mitandao wa Sweden, Fredrik Almroth, aliona na akalinunua kabla ya mtu mwenye nia mbaya, kisha Januari 2021 akawaarifu wasimamizi, nao wakarekebisha. Kwa siku chache mtu binafsi alikuwa na uwezo wa kuelekeza karibu nusu ya maulizo ya kikoa cha nchi nzima. Tulinusurika kwa sababu aliyelinunua alikuwa mwaminifu. Kama taifa zima linaweza kuachia jina lipite, kamusi ya wanafunzi wanne itakuwaje?

Linganisha na vitabu. Mwaka 1956 Candi Rureke alighani utendi wa Mwindo kwa Kinyanga. Mwaka 1969 Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakauchapisha Marekani, wenye tafsiri ya Kiingereza. Katika miaka ya 1980 Shigeki Kaji alichapisha Tokyo msamiati wa Kitembo ambao maana zake zimetolewa pia kwa Kiswahili cha Zaire. Tunaweza kubishana, na tunapaswa kubishana, kwa nini vitabu hivyo ni rahisi kuvipata California na Tokyo kuliko Walikale. Lakini vipo. Kitabu kikishachapwa hakidai kodi kila mwaka, na nakala moja ikiungua nyingine iko kwenye rafu ya maktaba nyingine. Sisi tulidhani kwamba kwa kuweka lugha mtandaoni tunairudisha kwa wenyewe. Tuliiweka mahali ambapo malipo ya dola chache yasipofika yanatosha kuifuta.

Nimesikia majibu matatu kwa hoja hii. La kwanza linasema sisi ni wanaisimu, si mafundi, tumwachie fundi kazi yake. Sawa, fundi ajenge. Lakini hata asiyejua kupiga tofali anajua hati ya kiwanja iandikwe jina la nani. Kusajili jina kunachukua dakika chache na hakuhitaji kujua programu hata moja.

La pili linasema tutumie mitandao ya kijamii, ni bure. Mitandao hiyo ni mizuri kwa kuwafikia watu. Pale Hombo wengi wanafika mtandaoni kupitia WhatsApp na Facebook na si kwingine. Lakini kule tu wapangaji bila hata mkataba tuliousoma. Akaunti ikifungwa hujui wa kumwendea. Tuitumie kama uwanja wa kutangazia, si kama ghala.

La tatu ndilo gumu, kwa sababu linagusa adabu: kudai maandishi kwa ndugu ni kumvunjia heshima. Nilikuwa na wazo hilohilo siku ile nilipomwambia yaya aandike baruapepe yake. Lakini tazama kilichotokea. Yaya hakuwa mwizi. Vita vilimkuta akiwa peke yake na ufunguo wetu mfukoni. Kumwachia mtu mmoja kila kitu si kumheshimu, ni kumbebesha. Hadi leo ananiomba msamaha kwa jambo ambalo si kosa lake, na mimi ndiye niliyemtwisha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, wala hawakusema mali ya mwizi peke yake.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kitivo ni dogo na halina gharama kubwa. Kila pendekezo la utafiti linalotaja tovuti liwe na ukurasa mmoja wa ziada, kama tulivyo na fomu ya idhini ya watoa data. Kwanza, jina lisajiliwe na watafiti wenyewe, kwa baruapepe ya mradi inayofunguliwa na watu wasiopungua wawili wanaoishi sehemu tofauti. Majina ya .com na .org yanaweza kulipiwa hadi miaka 10 kwa mkupuo; fedha za mradi zikiwapo, zilipe miaka mingi badala ya mmoja.

Pili, fundi apewe akaunti yake mwenyewe ya kufanyia kazi, inayoweza kufungwa kazi ikiisha, na asipewe nywila ya mmiliki. Mapatano yaandikwe kwa Kiswahili, yaseme nani mwenye jina, nani mwenye yaliyomo, na kwamba sehemu ya mwisho ya malipo itatolewa siku funguo zote zitakapokabidhiwa na kujaribiwa mbele ya wote.

Tatu, tovuti isiwe nakala pekee. Maneno yahifadhiwe katika faili za maandishi za kawaida zinazofunguka kwenye kompyuta yoyote, sauti katika faili zisizobanwa, na nakala ziwe mahali pasipopungua patatu. Moja iwekwe kwenye hazina ya kudumu ya lugha, na moja, nasisitiza, ibaki kwa wenye lugha: shuleni, parokiani, au kwa familia ya mzee aliyerekodiwa. Kama tungeliacha flashi moja Hombo, sauti ya koko ingelisikika kwenye matanga yake.

Internet Archive ilikuwa imenakili baadhi ya kurasa zetu, na kutoka humo tumeokoa kiasi cha theluthi moja ya maneno, bila sauti. Zile rekodi 41 sasa ziko katika nakala nne. Jina jipya limesajiliwa kwa baruapepe ya kikundi, yaya ndiye aliyetujengea tena kutoka Kampala, na safari hii tulikaa sote kwenye simu tukasoma mapatano kwa sauti kabla hajaanza. Alicheka, akasema ingekuwa hivi tangu mwanzo angelala usingizi.

Majina ya uyoga hayakurudi. Mjukuu wa koko ameniahidi kuwauliza wazee waliobaki, na nitakwenda barabara itakaporuhusu.

Wahadhiri wetu, katika semina ijayo mtakapomaliza kumuuliza mwanafunzi kuhusu toni na ngeli, naomba muongeze swali moja: jina la tovuti yako limeandikwa kwa nani, na linaisha lini? Akisita kujibu, mwambieni akae chini aende akatafute jibu kabla ya kuendelea.