Tahadhari kwa Wakimbiaji wa Migori na Homa Bay: Uchovu Huo Huenda si Mazoezi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, barabara ya Homa Bay kwenda Mbita, kabla pikipiki za omena hazijaanza kupiga honi. Tulikuwa kumi na mmoja: walimu, karani wa kaunti, mafundi wawili wa kuchomelea, muuza simu, na mimi. Kijana mmoja aliinama kama anayefunga kamba za viatu, akachomoa kwenye soksi kibahasha cha kaki, akamimina vidonge viwili kiganjani na kuvisukuma kwa maji ya chupa. Alipoona namtazama, akanyoosha mkono. "Omera, hii ni diklo. Meza mbili, leo hutasikia goti wala mgongo." Nikapokea, nikameza. Kweli sikusikia goti wala mgongo.

Tabia hiyo imeenea. Nimeiona Oyugis, nimeiona Rongo, nimeiona Awendo kwa vijana wanaokimbia kando ya mashamba ya miwa. Nairobi Marathon, zile mbio zilizoanza mwaka 2003 na ambazo kwa kawaida hufanyika Oktoba, zimetutia hamu sote, na hamu si dhambi. Lakini mtu wa kazi anayekimbia asubuhi na kurudi kusimama darasani hana kocha wala daktari wa timu. Ana kundi la WhatsApp na kemist iliyo karibu. Ndani ya kundi, anayelalamika kuchoka anajibiwa na watu wanne kwa dakika mbili, na wote wanne wanamtajia dawa ya maumivu. Hakuna anayemuuliza kama amepima damu. Sisi tunaoishi hapa kando ya ziwa tungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza.

Kwanza hiyo diklo yenyewe, yaani diklofenaki. Ukikimbia saa tatu au nne kwenye joto, damu huitwa kwenye misuli na kwenye ngozi, na figo hubaki na kidogo. Figo zina ujanja wao wa kujikinga: hutengeneza kemikali ya kuweka mishipa yao wazi ili kile kidogo kilichobaki kipite. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na ndugu zao hufanya kazi kwa kuzuia kemikali za jamii hiyohiyo. Ndiyo maana goti hunyamaza, na ndiyo maana figo hukauka. Ukiwa umelala kitandani na maji mwilini, mtu mzima mwenye afya hahisi kitu. Ukiwa kilomita ya 32 na jasho limeshakwisha, hapo ndipo hesabu inapobadilika.

Si hofu ya kijijini hii. Katika mbio za Bonn, Ujerumani, mwaka 2010, watafiti waliwauliza wakimbiaji maelfu kadhaa, wakakuta karibu nusu yao walimeza dawa ya maumivu kabla ya kuanza. Tisa kati ya waliomeza waliishia hospitalini, watatu wao figo zikiwa zimesimama kwa muda baada ya ibuprofeni. Kati ya wasiomeza, hakuna aliyelazwa. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2017 uliwapa wakimbiaji 89 wa masafa marefu kupita marathoni ama ibuprofeni ama kidonge kisicho na dawa. Waliopata ibuprofeni, asilimia 52 figo zao zilionyesha kuumia. Wenzao, asilimia 34. Tazama hiyo 34 vizuri. Hata bila dawa yoyote, masafa marefu peke yake yanazipiga figo. Kwa nini uyaongezee rungu?

Lakini Bonn hakuna malaria. Sisi tunayo.

Utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2020 ulikuta maambukizi kwa asilimia 19 ya watoto waliopimwa katika kanda ya ziwa, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 6. Si ajabu kwamba chanjo ya kwanza ya malaria ilipozinduliwa Kenya, tarehe 13 Septemba 2019, ilizinduliwa Ndhiwa, hapa Homa Bay. Si ajabu Migori ilipuliziwa dawa ya ukutani mwaka 2017, na Homa Bay ikafuata mwaka mmoja baadaye. Tunayajua haya yote kwa ajili ya watoto wetu na wake zetu wajawazito. Tunachosahau ni sisi wenyewe. Mtu mzima aliyezaliwa na kukulia hapa ameumwa na mbu tangu utotoni, na mwili wake umejifunza kupigana nusu vita. Malaria ikimshika haimwangushi kwa kutetemeka na kutapika kama inavyomwangusha mgeni kutoka Nyeri. Inamjia kimyakimya: miguu mizito, kichwa kinagonga kidogo jioni, hamu ya kula imepungua, usingizi hautoshi. Sasa niambie, mtu aliye katika wiki ya tisa ya mazoezi ya marathoni anajisikiaje? Miguu mizito, kichwa kinagonga kidogo jioni, hamu ya kula imepungua, usingizi hautoshi.

Na msimu wenyewe unatutega. Mazoezi ya mbio za Oktoba huanza Juni au Julai, mvua ndefu zikiwa zimeacha madimbwi na malaria ikiwa juu. Halafu tunasimama kando ya barabara saa kumi na moja alfajiri, kaptula fupi, tukingoja aliyechelewa. Mbu wa malaria huuma usiku mpaka alfajiri. Tumejipanga foleni kama kiamshakinywa chao.

Mimi nilitegwa hivyo. Ilikuwa wiki ya mbio ndefu. Jumatano nilihisi baridi kidogo baada ya kuoga, nikasema ni upepo wa ziwa. Alhamisi nikameza diklo, Ijumaa tena, Jumamosi tena, na kila nilipomeza joto lilishuka nikajiona mzima. Jumapili tulitoka Rongo kuelekea Homa Bay. Kabla ya Rodi Kopany mapaja yalikaza kama yamefungwa kwa kamba, nikakaa chini ya mwembe kando ya duka la mahindi ya kuchoma, na mama mwenye duka akanipa maji. Nilipokwenda nyuma ya ua kukojoa, mkojo ulitoka rangi ya strungi, ile chai isiyo na maziwa. Nilidhani ni jua linanichezea macho.

Kliniki ya kwanza niliyopelekwa, ambayo sitaitaja, walinitazama viatu, wakasikia neno "kukimbia", wakanidunga sindano ya maumivu. Ilikuwa diklofenaki. Hakuna aliyenichoma kidole. Jioni nilipofikishwa hospitali nyingine ndipo nilipopimwa malaria, ikawa ndiyo. Walipima na figo, na nikalala huko siku nne. Daktari alinieleza kwa sauti ya mtu aliyechoka kurudia jambo lilelile: malaria yenyewe hupiga figo, kukimbia bila maji hupiga figo, misuli ikivunjika kwa kazi nzito hutupa uchafu wake kwenye figo, na diklo hufunga mlango wa nyuma ambao figo zingetumia kukimbilia. "Wewe ulizipelekea vyote vinne kwa siku moja," alisema. Nilikatazwa kukimbia kwa wiki tatu hata baada ya kumaliza dawa, kwa sababu damu ilikuwa imepungua na wengu ulikuwa bado umevimba. Wengu uliovimba ukipigwa au ukianguka nao unaweza kupasuka. Hilo nalo sikuwa nimelisikia kamwe kwenye kundi letu.

Panadol haimo katika jamii ya diklo na haizionei figo namna ile. Lakini inaficha joto la mwili vilevile. Ukimeza Panadol ili uende mazoezini, umezima kengele ya moto ili ulale vizuri.

Kuna jambo la tatu, na hili linatuhusu watu wa ziwa na watu wa Pwani kuliko Wakenya wengine wengi. Ni selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita. Si ugonjwa wenyewe ninaousema, maana mwenye ugonjwa kwa kawaida anajijua tangu utotoni. Nasema wabebaji, wenye damu aina ya AS: mbebaji amerithi chembe moja ya urithi kwa mzazi mmoja, hajawahi kuugua, na mara nyingi hajui. Kanda yetu ina wabebaji wengi kwa sababu chembe hiyo moja humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Ni zawadi ya mababu, lakini ina masharti yake kwenye joto na kazi nzito.

Sitaki mtu aogope bure, kwa hiyo niseme yanavyojulikana. Jeshi la Marekani lilifuatilia askari weusi karibu 48,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Wabebaji hawakufa zaidi ya wenzao. Lakini hatari ya misuli kuvunjika kwa mazoezi ilikuwa juu kwa asilimia 54. Na hao ni askari walio chini ya utaratibu wa kupumzishwa na kunyweshwa maji. Katika vyuo vya huko, baada ya mchezaji wa kandanda ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Rice, Dale Lloyd, aliyekuwa mbebaji, kufariki mwaka 2006 baada ya mazoezi makali, shirika la michezo la vyuo liliamua kuanzia mwaka 2010 wachezaji wa daraja la kwanza wapimwe selimundu. Lloyd na wenzake walikuwa wanakimbia yadi mia mia mfululizo bila kupumua. Na sisi je? Kila Alhamisi tunapandisha kilima mara kumi na mbili, na anayesimama anachekwa.

Mbebaji anaweza kukimbia marathoni. Anachotakiwa ni kujua, kupandisha kasi polepole, kutokimbia akiwa na homa, na kusimama misuli inapolegea au kuuma kupita kawaida, bila kumwonea mtu haya. Ukienda maabara, uliza kipimo kinachotofautisha AS na SS, yaani mbebaji na mwenye ugonjwa, kwa sababu kile cha haraka cha zamani husema tu kwamba chembe ipo.

Maji nayo yana makosa ya pande mbili. Mwaka 2002 huko Boston watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 walipomaliza, na asilimia 13 walikuwa na chumvi iliyoshuka chini ya kiwango, hasa wale waliokunywa mno na wakaongeza uzito njiani. Kunywa kwa kiu. Anayemaliza akiwa mzito kuliko alivyoanza amekunywa kupita kiasi, na huyo akichanganyikiwa au kutapika asipewe chupa nyingine ya maji. Apelekwe kwa daktari.

Kuhusu safari: wengi wetu hupanda basi la usiku, karibu kilomita 400, tukashuka Nairobi alfajiri miguu imevimba, tukalala sakafuni kwa binamu mtaani Pipeline. Fika siku mbili mapema ukiweza. Nairobi iko zaidi ya mita mia tano juu ya ziwa na asubuhi yake ina baridi, kwa hiyo kasi ya Homa Bay usiidai pale. La muhimu kuliko yote, ukiugua ukiwa huko, mwambie daktari kabla hajauliza: nimetoka Migori, nimetoka Homa Bay. Daktari wa Nairobi haoni malaria kila siku kama tunavyoiona sisi. Akidhani ni uchovu wa mbio, atakutibu uchovu wa mbio.

Kwa hiyo naomba, wiki hii, si mwezi ujao. Ndugu yangu uliye msimamizi wa kundi, andika leo kwamba mwenye miguu mizito kwa siku mbili mfululizo apime malaria kabla ya kumeza chochote. Kipimo ni tone la damu la kidole na kungoja dakika chache. Mhudumu wa afya ya jamii kijijini kwako huenda anacho mkobani. Ukikutwa nayo, maliza dozi zote sita za dawa kwa siku tatu, meza pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, na usirudi barabarani mpaka aliyekutibu akubali. Fundi wa kemist, dada yangu, kaka yangu, mteja akija na viatu vya mbio akitaka diklo, muulize swali moja kabla ya kupokea pesa zake: umepima malaria? Na wewe unayebeba kibahasha kwenye soksi, ukishameza usimgawie mwenzako. Hujui damu yake ni aina gani wala jana usiku alikuwa na joto kiasi gani.

Na yeyote atakayekojoa rangi ya strungi baada ya kukimbia, awe wa Muhuru, Kehancha au Kendu Bay, aende hospitali saa hiyohiyo. Asingoje asubuhi.