Ndege nzima, injini mgonjwa: kwa nini Airbus za ATCL zilikaa chini

Novemba 2022, Shirika la Ndege la Tanzania, ATCL, liliwatangazia abiria kwamba ratiba zake zingevurugika kwa sababu ya matatizo ya injini kwenye ndege zake za Airbus A220-300. Wengi mitaani walielewa kuwa nchi imeuziwa ndege mbovu. Tuanzie hapo.

Airbus huunda ndege, lakini injini za A220 zote, ziwe za Tanzania au za Uswisi, hutoka kampuni ya Marekani ya Pratt & Whitney. Ni injini ya jeti: feni kubwa mbele huvuta hewa, sehemu yake hubanwa na kuchomwa pamoja na mafuta, kisha gesi ya moto huzungusha mapanga ya nyuma, yaani tabaini, ambayo ndiyo huizungusha feni. Upya wa injini hii ni gia iliyowekwa katikati, ili feni izunguke polepole huku tabaini ikienda kasi. Mafuta hupungua, na kelele pia. Tatizo ni kwamba baadhi ya vipuri vya ndani vilichakaa mapema kuliko ilivyotarajiwa.

Si Tanzania peke yake iliyoumia. Oktoba 2019 shirika la Swiss lilisimamisha A220 zake zote ili kukagua injini, baada ya injini kadhaa kuharibika angani. Ndege hizo zilitua salama. Kwa hiyo ukisikia redioni kwamba "injini moja imezimwa angani," usidhani ndege imeanguka. Ndege ya injini mbili huundwa iweze kuendelea na kutua kwa injini moja. Kinachoogopwa zaidi ni injini kupasuka na vipande kutoboa ganda lake, kwa sababu vinaweza kufika kwenye tangi la mafuta au kwa abiria.

Zile Bombardier Q400 zilizobezwa kwa jina la pangaboi zilipoingia mwaka 2016 hazikuguswa na hitilafu hii. Nazo zina tabaini, ila huzungusha panga la nje badala ya feni, na injini ni ya aina nyingine. Lakini pangaboi ya viti 76 haizibi pengo la Airbus ya viti 132.

Kwa nini matengenezo yalichukua muda mrefu? Injini hung'olewa bawani na kupelekwa karakana maalumu nje ya nchi, ambako kuna foleni ya mashirika ya dunia nzima. Injini za akiba ni chache. Julai 2023 foleni ikazidi: ilitangazwa kuwa unga wa chuma uliotumika kutengeneza baadhi ya vipuri ulikuwa na kasoro, na mamia ya injini za A320neo, ndugu wa hizi zetu, zikatakiwa kushushwa zikaguliwe.

Gharama ilionekana kwenye hesabu. Ripoti ya CAG ilionyesha hasara ya ATCL kupanda kutoka zaidi ya Sh bilioni 35 mwaka 2021/22 hadi Sh bilioni 56.64 mwaka 2022/23, na injini hizi zikatajwa miongoni mwa sababu.

Kuzisimamisha ndege hizo ulikuwa uamuzi sahihi. Sisi tunaona la kuwabana nalo wakubwa ni mkataba: injini inapokaa karakana miezi kadhaa kwa kosa la aliyeitengeneza, nani anailipia ndege iliyoegeshwa Dar es Salaam?