Sindano Njema si Anasa

Wapo wanaowacheka mafundi wa kofia kwa kununua sindano na mikasi ya bei kubwa. "Kofia hushonwa kwa mkono," husema, "si kwa fedha." Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli.

Mtazame mama wa Lamu ashonaye kofia ya viua. Kila kitundu hutobolewa, kikazungushiwa uzi, na kazi yaweza kuchukua miezi. Sindano duni ikichujuka, jasho la vidole huitia kutu, na kutu huacha doa katika nguo nyeupe. Shilingi chache zimeokolewa, miezi imepotea. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi.

Mkasi nao ni hivyo. Ulio mwema, wa kufungwa kwa skrubu, hunolewa na kukazwa tena, ukadumu miaka. Ulio duni ukilegea hutupwa.

Hata hivyo, binti anayejifunza asiuze bangili yake ili apate mkasi wa ng'ambo. Naaanze na sindano nzuri. Mkasi ataununua kwa chumo la kofia zake. Akiupata, asiukatie karatasi, na aupake mafuta, maana hewa ya chumvi ya pwani haihurumii chuma.

Na sisi wavaaji, ambao kila Idi ikikaribia hushindana na fundi tupunguziwe, tukumbuke kuwa sindano imo katika bei ya kofia. Atakaye kazi safi na alipe kazi safi.