Afya ya Familia: Mzee Anakunywa Maji Usiku Kucha

Mwezi huu tuongee juu ya kansa ya mapafu, na namna inavyoweza kupanda hadi kichwani.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyevuta sigara miaka mingi, alikohoa miezi mitatu. Sote tukasema ni TB. Kisha kiu ikamshika: jagi zima usiku, na chooni kila saa. Tukasema basi ni sukari. Wajukuu wakamfichia maji ili apate kulala. Hapo tulikosea vibaya. Asubuhi aliamka amelegea, hata majina ya watoto yamempotea. Hospitali walipopima damu, sukari ilikuwa sawa.

Sasa kiu ilitoka wapi? Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, inaitwa pituitari. Sehemu yake ya nyuma inatoa homoni ya kuziambia figo zibakize maji mwilini. Kansa ya mapafu husafiri kwa damu, na mara chache hufika hapo. Homoni ikipungua, maji yanatoka tu, mkojo mweupe kama maji ya kisima. Wengine macho yanafifia au wanaona vitu viwili viwili, kichwa kinauma. Wengine wanaishiwa nguvu na kutapika, sababu tezi imeshindwa kazi zake nyingine.

Dawa zipo. Desmopresini inashika nafasi ya hiyo homoni, haidrokotizoni inarudisha nguvu, na mionzi inaweza kupunguza uvimbe. Haziponyi kansa, lakini zinampa mgonjwa usingizi na siku za kuongea na watu wake.

Basi tushike haya. Mgonjwa mwenye kiu asinyimwe maji. Kikohozi kikipita wiki mbili, twende tupimwe makohozi. TB isipoonekana, au dawa zisiposaidia, tuombe picha ya kifua. Hospitali za Rufaa za Jinja na Mbale zipo, na Taasisi ya Saratani iko Mulago, Kampala, tangu 1967. Maumivu yakizidi tuulizie mofini ya maji, Uganda hutolewa bure. Sigara tuiache, na moshi wa kuni tusiufungie ndani na watoto.

Mzee wetu siku hizi analala, jagi limejaa kando ya mkeka. Tuonane mwezi ujao.