MCHONGAJI WA TABAKA NAYE NI MFANYA KAZI



Wengi wetu tuliotoka Nyacheki na sehemu nyingine za Bobasi tulijua kazi ya chai, ndizi na mahindi kabla hatujajua kazi ya reli. Lakini ukienda upande wa Mugirango ya Kusini utafika Tabaka, na hapo mambo ni mengine. Hapo kazi ni jiwe. Baba huchimba jiwe, mwana huchonga jiwe, mama na binti hulisugua kwa msasa na maji hata ling'ae, na karo ya shule hutoka katika jiwe. Mashamba yako, na ng'ombe wako, lakini ukiuliza mtu wa Tabaka anaishi kwa nini, atakuonyesha mikono yake, nayo ni myeupe kwa vumbi.

Jiwe lenyewe ni lile liitwalo jiwe la sabuni, kwa kuwa ni laini na huteleza mkononi. Liko jeupe, liko la rangi ya waridi, liko la kijivu na la manjano. Wazee wa Gusii walilitumia zamani kwa mabakuli, viko vya tumbaku na mbao za bao, na unga wake mweupe walijipaka katika sherehe. Siku hizi linachongwa viboko, tembo, sahani, sataranji na visanduku, vitu vya kuuzwa kwa wageni. Mwaka 1978 jiwe lililochongwa na Elkana Ong'esa, mtu wa huko huko Tabaka, liliwekwa katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba hii ni kazi ya kupoteza wakati.

Sasa tuseme habari ya kazi yenyewe. Machimbo yako katika mashamba ya watu. Vijana huteremka shimoni na sululu na mtaimbo, bila kofia ya chuma, bila nguzo za kuzuia udongo, na mvua ikinyesha sana kuta za shimo huanguka. Shimo likiisha kuchimbwa huachwa wazi likajaa maji. Jiwe likipandishwa juu linakatwa kwa msumeno, kisha panga, kisha patasi na kisu. Likichongwa kavu linatoa vumbi jembamba ambalo huingia kifuani na halitoki tena. Sisi wa karakana tunajua vumbi ni nini, na tulipigana miaka mingi tupate vitambaa vya kufunika pua na mdomo. Mchongaji hana wa kupigana naye, kwa maana yeye mwenyewe ndiye aliyejiajiri.

Na hapo ndipo penye shida ambayo tunataka wanachama waifikiri. Watu husema mchongaji si mfanya kazi kama sisi, yeye ni fundi, ana patasi yake, ana saa zake, hana msimamizi wa kumpigia kengele. Ni kweli patasi ni yake. Lakini bei si yake. Mnunuzi huja na gari kutoka Nairobi au Mombasa, husimama barabarani, hutaja bei, na mchongaji akikataa mnunuzi huvuka barabara kwenda kwa jirani ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Jirani hukubali. Kesho bei hiyo ndiyo bei ya Tabaka nzima. Mfanya kazi wa reli akionewa huacha kazi pamoja na wenzake na gari moshi husimama. Mchongaji akiacha kazi hakuna kinachosimama ila chungu chake jikoni.

Mtu asidhani kwamba jambo hili ni la Tabaka peke yake. Katika nchi ya Uswidi, upande wa kusini, liko jimbo la Småland, lenye misitu mingi na ardhi ya mawe isiyofaa sana kwa kilimo. Huko viko vijiji ambavyo kazi yao ni kioo. Kijiji cha Kosta kilianza mwaka 1742, wakati maafisa wawili wa jeshi, Koskull na Staël von Holstein, walipojenga tanuri la kioo msituni, ambako kuni zilikuwa tele. Jina la kijiji lilitoka katika vipande vya majina yao wawili. Vijiji vingine vikafuata, kama Boda mwaka 1864, na Orrefors ambako kioo kilianza mwaka 1898. Nyumba za wafanya kazi zilijengwa karibu na tanuri, na mtoto wa mpuliza kioo aliingia kazini akiwa mdogo, akichukua vyombo vya moto kwa baba yake. Usiku, kazi ilipokwisha, watu wa kijiji na hata wasafiri wasio na pa kulala walikuja kuota moto huo, wakaoka samaki wa chumvi penye joto lake. Tunapenda habari hiyo, kwa sababu inafanana na vile watu wetu wa kuhamahama kazini walivyokuwa wakipika karibu na vichwa vya gari moshi vya makaa.

Mafundi wale walipata jambo moja ambalo mchongaji wa Tabaka hajalipata. Mwaka 1916 na 1917 kiwanda cha Orrefors kiliwaajiri wachoraji wawili, Simon Gate na Edward Hald, wakae pamoja na wapuliza kioo na kubuni vyombo vipya. Mwaka 1925 vyombo hivyo vikapata tuzo katika maonyesho makubwa ya Paris. Tangu hapo mtu aliyenunua bakuli alitaka kuona jina la Orrefors chini yake, na kwa jina hilo alilipa zaidi. Kiboko cha Tabaka huuzwa katika duka la mjini bila jina lolote, na mwenye duka akiulizwa hujibu kwamba ni cha Kiafrika tu.

Lakini tanuri halikuwa la wafanya kazi. Lilikuwa la mwenye mali, na mali hiyo ilibadilika mikono mara nyingi. Mwaka 2013 tanuri la Orrefors likazimwa. Kosta bado pana moto, lakini Orrefors, kijiji kilichopata jina lake duniani kwa kioo, kikabaki bila kiwanda chake. Mtu aliyejifunza kupuliza kioo kwa miaka ishirini hawezi kulichukua tanuri begani akaenda nalo kwingine.

Hapa kwetu pia tunajua mji wa namna hiyo. Kioo hutengenezwa kwa mchanga, chokaa na magadi, na magadi hayo reli imeyabeba miaka mingi kutoka Magadi mpaka Konza, kilomita 146. Kampuni ilianzishwa mwaka 1911, na mji wote ulikua katika kivuli chake, nyumba, maji na hospitali. Mwaka 2005 ikaingia mikononi mwa Tata wa India. Mfanya kazi wa Magadi anayo angalau meza ya kuzungumza na mwajiri wake. Mtu wa Tabaka hana tanuri la kuzimwa wala mwajiri wa kumfukuza, na hiyo ni bahati kwake. Hata hivyo aliona jinsi kijiji kinavyoweza kuzimwa bila tanuri: Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa mpaka mwezi wa Agosti, watalii wakakoma kuja, na mawe yaliyochongwa yakabaki yamepangwa ukutani.

Basi tufanye nini? Tabaka vyama vya ushirika na vikundi vimekwisha undwa, na wako wanaouza nje moja kwa moja. Ugumu wake wote tunaujua: mwanachama anaahidi kuuza kwa chama, kisha usiku anauza kwa mlango wa nyuma. Wako wanaomwita msaliti. Sisi hatumwiti hivyo. Chama kikisema ngoja miezi mitatu mpaka mzigo ufike ng'ambo, na mnunuzi wa barabarani ana noti mkononi leo, mwenye njaa atachukua noti. Hapana budi chama nacho kitoe kitu siku ile jiwe linapopokelewa.

Kwetu Nyacheki tunajua njia ya namna hiyo. Mkulima wa chai hupeleka majani kituoni, yanapimwa kwa mizani mbele yake, anaandikiwa, kila mwezi anapata malipo ya kwanza, na hesabu ya mwaka ikifungwa anapata ya pili, ile bonasi. Malalamiko juu ya bonasi tunayajua, na mengine tumeyaandika sisi wenyewe. Lakini hakuna mkulima anayebeba kikapu cha majani barabarani kumngojea mtu ataje bei anayotaka. Jiwe nalo lipokelewe hivyo: lipewe daraja mbele ya mchongaji, aandikiwe, alipwe sehemu papo hapo, na nyingine mzigo ukiisha kuuzwa. Na chini ya kila jiwe likatwe jina la Tabaka na alama ya aliyelichonga.

Mtauliza fedha ya malipo ya kwanza itatoka wapi. Katika ile biashara ya nje iitwayo biashara ya haki, kanuni ni kwamba mnunuzi wa kazi za mikono atoe nusu ya fedha mbele, ikiwa watengenezaji wameomba. Wengi hawaombi kwa sababu wanaogopa kumpoteza mnunuzi. Waombe. Nusu iliyobaki ni kazi ya akiba na mikopo, na hapo sisi wenye mshahara wa kila mwezi tunaweza kusaidia, kwa kuwa fedha nyingi tunazopeleka nyumbani ni za kuziba shimo ambalo bei mbaya imechimba.

Tunaomba kila tawi lenye wanachama wa Kisii na Nyamira liweke jambo hili katika mkutano wake ujao. Wako kati yetu wanaojua kuweka vitabu vya hesabu, wako waliowahi kuwa makatibu wa ushirika wa akiba, na wako mafundi wanaoweza kuonyesha jinsi ya kukata jiwe likiwa na maji ili vumbi lisiruke, na jinsi ya kusimamisha nguzo shimoni. Anayekubali kwenda Tabaka wakati wa likizo yake kwa kazi hiyo ampe katibu wa tawi jina lake na tarehe za likizo. Nauli tutachangia.