Simu Inayovuka Mpaka Usiku

Wadau, nimerudi chuo toka Tunduma, kwenye mazoezi ya kufundisha. Jumatatu moja nilichelewa saa nzima, Kidato cha Pili wakakosa hesabu. Kisa? Usiku mtandao wa kwetu ulipotea, simu ikadaka mnara wa Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, ikarudisha saa yake nyuma kwa saa moja, kufuata Zambia. Alamu nayo ikafuata! Mwalimu mkuu alidhani namtania.

Mi nasema ukiwa mpakani usiiachie simu ijichagulie. Ingia kwenye mipangilio, chagua mtandao wako kwa mkono, zima rominga ya data, na saa uiweke mwenyewe. Ndiyo, mtandao ukipotea utakosa hata kupiga simu. Bora hivyo. Wale watoto wana mtihani wa taifa mwaka huu.